Mwanga, Ujiji au Businde? Majibu kwa Wanunuzi wa Nyumba Kigoma

Mwezi huu safu ya Nyumba na Makazi inajibu barua nne zilizotoka kwa wasomaji wanaotaka kununua nyumba au kiwanja katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi tumeyahifadhi kama walivyoomba.

SWALI: Ndugu Mshauri, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa sekondari na mke wangu ni muuguzi katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Tumepanga Mwanga kwa miaka mingi, na sasa kwa akiba yetu pamoja na mkopo wa mshahara tunataka kununua nyumba hapa hapa mjini. Dalali ametuonyesha tatu. Ya kwanza iko Mwanga karibu na soko, ina vyumba vinne, lakini uwanja wake ni mdogo na imekaa chini ya barabara. Ya pili iko Ujiji, nyumba ya zamani yenye baraza na miembe miwili, na bei yake ni nafuu. Ya tatu ni pagale, yaani nyumba ambayo haijakamilika, lililoko Businde, kwenye kiwanja kikubwa kilichopimwa, kuta zimefika kwenye lenta, ule ukanda wa zege juu ya milango na madirisha. Mke wangu anapenda Ujiji kwa utulivu na kwa kuwa ana jamaa huko, mimi navutiwa na Businde, na dalali anatusukumia Mwanga. Tueleze kila eneo linampa nini mnunuzi, na tuangalie nini kabla ya kutoa fedha. – Mwalimu, Mwanga Kusini

JIBU: Mwalimu, waaleikum salaam, na salamu zimfikie shemeji. Barua yako imeeleza vyumba, bei na ukubwa wa viwanja, lakini haikugusa maji popote, nami naomba tuanzie hapo. Katika mji huu kasoro nyingi za nyumba yenyewe hurekebishika kwa fundi na saruji, ilhali kasoro ya mahali maji yanapotoka na yanapoelekea humkalia mwenye nyumba miaka yote atakayoishi pale.

Kigoma imekaa kwenye vilima vinavyoshukia Ziwa Tanganyika. Ukitoka stesheni, Barabara ya Lumumba inapanda kuelekea Mwanga, na mvua ikinyesha maji hufuata mteremko huo huo kurudi chini, yakipita mitaroni pale mitaro ilipo, na kwenye nyua za watu pale isipokuwapo. Msimu wa mvua ni mrefu, kwa kawaida kuanzia Oktoba hadi Aprili, na udongo wa miteremko ukishavuliwa majani na kukatwa ili kupata uwanja wa nyumba huchimbika upesi. Kwa sababu hiyo nyumba ya Mwanga, ambayo wewe mwenyewe umesema imekaa chini ya barabara, ndiyo inayohitaji uchunguzi mkali kuliko nyingine zote, hata kama ndiyo iliyopakwa rangi vizuri zaidi.

Ikiwezekana nendeni mkaione mvua ikiwa inanyesha. Ikiwa ni kiangazi, anzeni uchunguzi nyuma ya nyumba, maana dalali yeye huanzia sebuleni. Tazameni sehemu ya chini ya kuta: rangi iliyovimba na kumenyeka hadi usawa wa goti, wakati juu yake ukuta ni mzima, ni dalili kwamba ukuta unanyonya unyevu kutoka ardhini. Tazameni msingi: ukiona upande mmoja mawe yaliyopaswa kuwa chini ya ardhi yako wazi, jueni udongo umeshaondoka na hautarudi bila kujengewa ukuta wa kuuzuia, ambao gharama yake haimo katika bei mliyotajiwa. Kizingiti cha mlango wa nyuma kilichoinuliwa kwa safu ya tofali jipya kinaonyesha kwamba kuna usiku ambao mwenye nyumba alilala akikinga maji yasiingie ndani. Mkimaliza hapo pandeni barabarani mkatafute kalavati iliyo karibu, mtazame mdomo wake umeelekea wapi. Kalavati ikimwaga kwenye uwanja wa nyumba mnayotaka kununua, basi mnanunua na mkondo wa maji, na kuuhamisha mkondo huo hakuko mikononi mwenu.

Upande wa maji ya matumizi, mji unapata maji kutoka ziwani, nayo husukumwa kwa pampu kupandishwa kwenye matangi yaliyoko juu ya vilima kabla ya kuteremka kwa wateja. Kwa mpangilio huo, umeme ukikatika kwa muda mrefu pampu nazo husimama, na nyumba za mwinukoni huwa katika hatari ya kukaukiwa mapema. Msimwulize muuzaji kama maji yapo, kwa sababu atawaonyesha mita ukutani na mazungumzo yataishia hapo. Waulizeni majirani wawili au watatu maji hutoka siku gani na saa ngapi, kisha mtembee mtaani mkitazama juu: mtaa ambao kila nyumba imejijengea mnara wa simtanki umeshawajibu.

Sasa tuje kwenye maeneo yenyewe. Mwanga inampa mnunuzi ukaribu wa kila kitu, kwani soko liko pale, maduka yako pale, na usafiri wa kwenda mjini na kwenda Ujiji unapita pale. Faida nyingine ambayo watumishi wa umma huisahau ni kwamba mkihamishwa kikazi, nyumba ya Mwanga haikosi mpangaji. Lakini ukaribu huo ndio unaoleta msongamano, na kwa nyumba yenye uwanja mdogo kama hiyo lipo swali moja lisilopendeza ambalo lazima mliulize, nalo ni: shimo la choo likijaa, gari la kunyonya majitaka litaingilia wapi? Pimeni upana wa njia kwa hatua. Ikiwa gari halipiti, mtalazimika kuchimba shimo jingine kwenye uwanja ambao hauna nafasi, huku jirani naye akiwa amechimba la kwake hatua chache kutoka dirishani kwenu.

Ujiji ni habari nyingine kabisa. Huu ni mji mkongwe uliokuwapo kabla ya reli kufika Kigoma, kituo cha misafara iliyovuka bara hadi ziwani, na mpaka leo mitaa yake ina mambo ambayo mitaa mipya haijayapata: kivuli cha miembe, baraza za kukalia jioni, misikiti ya kutembea kwa miguu, na majirani wanaojuana kwa vizazi. Ardhi yake kwa sehemu kubwa imelala, kwa hiyo hatari ya mmomonyoko ni ndogo kuliko Mwanga, ingawa ardhi iliyolala huwa na tatizo la kutuamisha maji, na visima vilivyo karibu na vyoo vya shimo si vya kuviamini kwa kunywa. Mama mwenye jamaa mtaani ana watu wa kumwangalizia watoto anapokuwa zamu, na jambo hilo haliandikwi kwenye tangazo la dalali.

Nyumba ya zamani inataka kuchunguzwa kwa mikono. Gongeni kuta sehemu mbalimbali msikilize, kwani plasta ya saruji iliyopakwa juu ya tofali za udongo hutoa mlio mtupu pale ilipoachana na ukuta. Mwombeni fundi apande darini na bisibisi achomechome mbao za kenchi. Ikizama bila kutumia nguvu, mchwa wameshamaliza kazi na paa zima litabadilishwa. Kuhusu mipaka, nyumba nyingi za zamani zimetenganishwa kwa mstari wa minyaa, kwa mti, au kwa kumbukumbu za wazee. Msinunue kabla majirani wa pande zote hawajasimama pamoja nanyi kwenye mipaka, mkaiweka kwenye mchoro wenye vipimo, na kila mmoja akatia saini yake. Tena ulizeni miembe hiyo miwili ni ya nani, maana si ajabu kukuta uwanja una mwenyewe na mti una mwenyewe mwingine, na kila msimu wa maembe mnapata wageni msiowaalika.

Businde, kama Buhanda, ni katika kata za pembeni ambako mji unapanukia. Kinachopatikana huko ni nafasi, hewa, na ikiwa maelezo ya muuzaji ni ya kweli, kiwanja chenye namba na kitalu chake. Usihesabu kama umepata nyumba. Ukuta uliofika kwenye lenta humdanganya mnunuzi kwamba kazi kubwa imekwisha, wakati bado kuna kupaua, milango, madirisha, plasta, sakafu, dari, nyaya za umeme, choo na mabomba, na mafundi wengi watawaambia kwamba yaliyobaki ni ghali kuliko yaliyofanyika. Pagale lililonyeshewa misimu kadhaa bila paa linahitaji jicho la fundi ambaye hakutafutwa na dalali. Mwulizeni muuzaji kibali cha ujenzi cha manispaa kiko wapi, na kwa nini alisimama. Jibu la pili mara nyingine huwa na maana kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu wapo wanaosimama kwa kukosa fedha na wapo waliosimamishwa. Hakikisheni pia kwamba bikoni zote za kiwanja, yaani alama za mipaka zilizowekwa na wapimaji, zipo ardhini na zinalingana na ramani ya upimaji, na kwamba barabara iliyochorwa mbele ya kiwanja imefunguliwa kweli, isiwe jirani ameshajenga juu yake.

Mkitaka neno langu kwa kutegemea barua peke yake, nyumba ya Mwanga ningeiweka ya mwisho mpaka muione imepita masika salama. Businde ningeichukua kwa bei ya kiwanja, na pagale nikalihesabu kama nyongeza tu, tena kwa sharti kwamba mkopo wa mshahara hautamalizikia kwenye manunuzi, kwani nyumba isiyo na paa haiwaondolei kodi mnayolipa sasa mlipopanga. Ujiji ndiyo ningeitazama kwanza, kwa kuwa mnaweza kuhamia mara moja na kukarabati polepole, na kwa kuwa shemeji anayetoka zamu usiku anahitaji barabara yenye watu kuliko anavyohitaji uwanja mpana. Kabla ya kuamua, atoke kazini siku moja usiku na kusafiri kweli hadi kila mtaa, aone bodaboda anaipata wapi, kwa bei gani, na njia ya mwisho kuelekea nyumbani ina taa au giza.

Kuhusu nyaraka, jambo la kutofautisha ni haki na ushahidi. Hati miliki, ambayo hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, ni haki iliyosajiliwa. Leseni ya makazi ni haki ya muda mfupi kwa nyumba zilizo kwenye maeneo yasiyopimwa. Karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya viongozi wa mtaa ni ushahidi tu kwamba watu fulani walikubaliana siku fulani. Kwa Businde ombeni upekuzi rasmi kwenye masjala ya ardhi, ambao utaonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio. Tangu mwaka 2020 mikoa imewekewa ofisi zake za ardhi, kwa hiyo mkazi wa Kigoma halazimiki tena kufunga safari hadi ofisi ya kanda Tabora kwa mambo ya namna hii. Na kwa nyumba yoyote kati ya hizo tatu, ikiwa muuzaji ana mke au mume, saini ya mwenza iwepo, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mauzo ya namna hiyo huishia mahakamani.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, nafanya biashara Dar es Salaam, na nataka kununua nyumba iliyo jirani na kwetu ili niwe na mahali pa kufikia. Mwenye nyumba alifariki, akaacha wajane wawili na watoto saba. Anayeuza ni kaka yao mkubwa. Wadogo zake wengine wako Bujumbura na Kalemie. Mwenyekiti wa mtaa ameniambia muhuri wake unatosha, na kwamba nitalipa asilimia 10 ya bei kwa serikali ya mtaa. Kaka huyo ananihimiza nitume fedha kwa simu kabla mnunuzi mwingine hajafika. – Binti wa Ujiji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usitume hata shilingi.

Mtu akifariki, mali yake haihamii kwa mtoto mkubwa kwa sababu ya ukubwa wake. Inabaki kuwa mali ya mirathi mpaka mahakama imteue msimamizi, na huyo msimamizi ndiye peke yake mwenye mamlaka ya kuuza. Kwa familia ya Kiislamu kama nyingi za Ujiji, shauri hilo hufunguliwa kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo. Utakapomwuliza kaka huyo nyaraka, huenda akakupa muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini nyingi. Upokee kwa heshima, lakini ujue kwamba kikao kinapendekeza na mahakama ndiyo inayoteua. Unachohitaji ni barua ya usimamizi wa mirathi yenye muhuri wa mahakama, nawe uende ukaithibitishe mahakamani kwa namba ya shauri, kwa sababu mihuri huchongwa.

Hata ukiwa na barua hiyo, mimi nisingenunua bila ridhaa ya maandishi ya warithi wote, pamoja na wale walioko ng'ambo ya ziwa na Burundi. Kisheria msimamizi anaweza kuuza kwa mamlaka yake, lakini mrithi asiyeshirikishwa ana nafasi ya kufungua shauri, na wewe utakuwa umekaa ndani ya nyumba yenye kesi. Walioko Bujumbura na Kalemie wanaweza kusaini mbele ya mthibitishaji wa nyaraka wa huko waliko, au kuja Kigoma, ambako si mbali nao. Zaidi ya warithi watoto, waulizie wajane. Ikiwa mmoja wao bado anaishi katika nyumba hiyo, zungumza naye mwenyewe, si kupitia kwa kaka, ujue ana mahali pa kwenda na kama fungu lake limeshatengwa. Nyumba ambayo mjane ametolewa humo kwa machozi, majirani watakukumbusha kila siku, na wewe ulitaka mahali pa kufikia upumzike.

Muhuri wa mwenyekiti una kazi yake. Yeye anamjua muuzaji, anawajua majirani, na akishuhudia mkataba ni jambo jema. Lakini hathibitishi umiliki, na asilimia 10 anayoitaja haimo katika Sheria ya Ardhi. Kama kuna malipo halali yanayohusu serikali, yatatolewa namba ya malipo na utapewa stakabadhi. Mwombe vyote viwili kwa upole, uone jibu litakuwa nini.

Mkataba uandikwe na wakili utakayemchagua wewe, na malipo yapite benki kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya mirathi au akaunti ya msimamizi aliyetajwa na mahakama, si kwenye simu ya mtu. Zuia sehemu ya bei mpaka siku utakapokabidhiwa nyumba ikiwa tupu pamoja na funguo. Kama huyo mnunuzi mwingine anayesemwa yupo kweli na yuko tayari kununua nyumba ya mirathi bila karatasi ya mahakama, mwache aitangulie.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa. Nimepata eneo zuri Katonga karibu kabisa na maji, na lingine la akiba upande wa Kibirizi. Ziwa lilipopanda nyumba za pale zilipata shida, lakini muuzaji anasema sasa limesharudi na halitapanda tena. Bei imeshuka sana. Je, hii si nafasi ya kununua? – Mchuuzi, Kibirizi

JIBU: Ndugu yangu, kwa kufanyia kazi pwani ya ziwa ina kila kitu unachohitaji, lakini kwa kujenga nyumba ya kuishi jibu langu ni hapana, na sababu ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa. Nyumba iliyo karibu kabisa na maji, kama unavyosema mwenyewe, imo ndani ya eneo hilo, na aliyejenga humo hana uhakika wa kulipwa fidia atakapoamriwa kuondoka. Kushuka kwa bei pale ni muuzaji kukurithisha tatizo lake.

Sababu ya pili ni ziwa lenyewe. Anayesema Tanganyika haitapanda tena hajatazama kumbukumbu ya Ujiji. Pale linaposimama jengo la kumbukumbu ya Livingstone, alipokutana na Stanley mwaka 1871, leo ni mbali na maji, kwa kuwa zamani zile ziwa lilikuwa juu zaidi. Mto unaotoa maji ziwani ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na mdomo wake ulikuwa umezibwa na matope na mimea. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi hicho kilisombwa, na ziwa likashuka kwa takribani mita 10 katika miaka iliyofuata. Ziwa lenye njia moja nyembamba ya kutokea, mvua zikizidi kwa miaka mfululizo, hupanda na hukawia kushuka, kama tulivyoona kuanzia mwaka 2020 hadi 2021, maji yalipoingia bandarini na kwenye makazi ya ufukweni. Kupanda na kushuka ndiyo tabia yake.

Kama unataka kuwa karibu na biashara, tafuta nyumba mwinukoni nyuma ya mwalo, ambako mawimbi hayakufiki. Huko chunguza mteremko kama nilivyomweleza Mwalimu hapo juu. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa dagaa sitakueleza habari ya harufu ya vichanja upepo unapogeuka, ila kama familia yako haijazoea, walete wakae pale kutwa nzima kabla hujalipa.

SWALI: Mshauri, mimi ni mstaafu wa reli. Nimepatana na muuzaji wa nyumba Gungu, lakini wiki iliyopita amepandisha bei akisema reli ya kisasa inakuja na uwanja wa ndege unapanuliwa, kwa hiyo eneo litakuwa dhahabu. Pia anataka kodi zote nilipe mimi. Je, ana haki? – Mstaafu, Gungu

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kuhusu reli wewe unajua kuliko mimi, ila kwa faida ya wasomaji niseme kwamba mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Ni jambo kubwa kwa mji huu. Lakini muuzaji anayepandisha bei kwa sababu ya reli na uwanja wa ndege anasahau kwamba miradi hiyo hiyo huchukua ardhi. Kabla ya kujadili bei mpya, nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa na namba ya kiwanja, uulize kama kimo ndani ya eneo la uwanja wa ndege, la reli au hifadhi ya barabara, na upate jibu la maandishi. Pita na nyuma ya nyumba na kwenye kuta za majirani, uangalie kama kuna alama ya X nyekundu, ile ya majengo yanayotakiwa kubomolewa, hata iliyofunikwa kwa rangi mpya. Kama eneo ni salama, bei yake ilinganishwe na nyumba zilizouzwa Gungu mwaka huu, kwani treni ya reli hiyo mpya haijaanza kushusha abiria.

Gungu ina thamani yake hata bila ahadi hizo. Stendi ya mabasi ya Masanga iko huko, na kwa mstaafu mwenye watoto mikoani hilo ni la maana. Ubaya wake ni kelele za alfajiri kwa nyumba zilizo karibu na stendi, kwa hiyo ukailale usiku mmoja kwa jamaa aliye karibu kama unaye. Angalizo moja kwa wanaovutwa mbele zaidi, hadi Mwandiga: huko umeshatoka manispaa na kuingia Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, na ukifika kwenye ardhi ya kijiji taratibu ni nyingine, zinapita halmashauri ya kijiji.

Kodi zina wenyewe. Kodi ya faida inayotokana na mauzo, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji, kwa sababu faida ni yake. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa desturi hubebwa na mnunuzi. Mnaweza kukubaliana vinginevyo, lakini yaandikwe kwenye mkataba na yakatwe kwenye bei, kwani bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato uhamisho hausajiliwi, na atakayehangaika ni wewe unayetaka hati. Kwa nyumba yenye hati, fomu za ardhi za kuhamisha umiliki, namba 29, 30 na 35, zijazwe na kusainiwa siku ile ile ya malipo, maana muuzaji akishapokea fedha zake zote kumpata tena ni kazi. Dai pia stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, kwa kuwa malimbikizo yake hufuata kiwanja.

Liko na deni moja dogo ambalo wengi hulisahau. Kodi ya jengo siku hizi hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa hukatwa Sh 1,500 kwa mwezi. Nyumba iliyokaa tupu muda mrefu huwa imelimbikiza. Mwombe muuzaji namba ya mita, nunua umeme wa Sh 5,000 mbele yake, kisha usome ujumbe wa malipo: utaona kilichokatwa kwa kodi ya jengo, kilichokatwa kwa deni la zamani kama lipo, na uniti zilizobaki. Linganisha na jina la mteja linalotokea kwenye ujumbe huo. Likiwa si la muuzaji, akueleze huyo ni nani kabla hujatoa kalamu mfukoni.